Kishikwambi Hakina Pambizo

Nilifika Kayenze saa tatu, kitambulisho shingoni,
kishikwambi cha serikali mkononi, chaji asilimia sabini na moja.
Bi Nkwimba Lubango alikuwa anaanika dagaa.
Akaniinamishia ndoo nikalie,
akaifuta kwanza kwa upindo wa kanga.

Kaya ina watu wangapi?
Sita.
Akanyamaza, akageuza dagaa wachache.
Andika watano.

Mchele. Mkaa. Vocha. Maji je, mnanunua?
Tunanunua. Dumu mia tano, madumu manne kwa siku.
Ziwa lilikuwa hatua thelathini nyuma ya mgongo wake,
kijani kama kisamvu kilicholala.
Nikabonyeza. Kishikwambi kikapokea:
matumizi ya kaya yamepanda.

Dawa?
Za kichocho, mara tatu tangu Pasaka.
Kikapokea.
Usafiri?
Pikipiki mpaka Bugando. Kurudi tulikodi gari,
kwa sababu jeneza halipakiwi pikipiki.
Mbao, sanda, turubai la siku nne,
vyote kikapokea, kimoja kimoja, bila kukwama.
Kila kilichomtoka yeye kiliingia kwetu,
kikapanda ngazi mpaka Dodoma,
huko kikavalishwa tai kikaitwa ukuaji.

Niliona aibu. Nikaendelea, kazi ni kazi.

Mapato?
Akacheka, cheko la mtu aliyeulizwa umri wa kuku.
Bondo anachukua wakala. Minofu inapanda ndege.
Sisi tulikuwa tunabakiziwa mapanki,
na mapanki nayo siku hizi yana tajiri wake.

Halafu akauliza yeye:
Furu unamwandika wapi?
Furu yupi, mama?
Furu wa hapa. Tukiwa watoto tulimzoa kwa kanga,
wawili huku, wawili kule, tunainua.
Na ningu. Na gogogo anayelia ukimshika.
Hatukumnunua hata mmoja,
basi siku walipoondoka, nani huko kwenu angeshtuka?

Nilitafuta. Mifugo ipo. Baiskeli ipo. Redio ipo, nzima au mbovu.
Enzi za karatasi ningeandika pembeni, kwa kalamu ya risasi,
msimamizi afute mwenyewe akitaka.
Kishikwambi hakina pambizo.
Kina *Mengineyo*, herufi ishirini na nafasi zake.
Nikaandika: furu wamekwisha, na
kikanikatia hapo hapo, kwenye na.

Akanifungia dagaa kwenye gazeti.
Nikamwambia kanuni hairuhusu.
Kanuni haili, akasema, wewe unakula.
Nikatia mfukoni. Hakikuuzwa kitu, hakikununuliwa;
kwa hesabu zetu asubuhi ile hakuna kilichotokea.

Nyumba ya pili, mlango wa bati, niliuliza lile la kwanza.
Wanane, wakasema.
Sikuandika upesi.
Nilisubiri kidogo, kidole hewani,
nione kama watapunguza.