Kipanya Kisicho na Mkia

Oulu, Januari, saa tisa mchana na giza limeshaingia.
Jarkko ananiwekea kiganjani kipanya kisicho na mkia,
chepesi kama yai lililofyonzwa.
"Kinaongea na kompyuta mara elfu nane kwa sekunde."
Mimi na mke wangu hatufikishi nane kwa wiki.

Yuro mia na hamsini.
Nawaza buti za binti yangu, vidole vinavyogusa ncha.
Namwaza dada yangu Tuire, anilazaye chali kila Ijumaa
kwa kipanya cha zamani cha baba,
kitufe cha kushoto kimegandishwa kwa plasta.
Mkono wake haujawahi kuuliza bei.

Nikakirudisha.

Mlangoni, kidole kikapitia kibodi ya maonyesho:
kwaru, kwaru,
buti juu ya theluji kavu,
baba akirudi kutoka zamu ya usiku, kiwanda cha karatasi.
Nikabonyeza tena. Nikaandika jina lake lote.

"Hiyo itakuongezea kasi," Jarkko akasema.
Haitaongeza kitu.
Nikalipa, risiti sikuitaka.

Ijumaa Tuire atanishinda tena,
halafu atauliza kelele hizo ni za nini.