Mgeni Ndani ya Dirisha

Mashine ya mgeni imo ndani ya mashine ya mwenyeji,
chumba ndani ya chumba, hapa Isamilo,
na nyumba yenyewe imejibana kati ya mawe mawili
ambayo fundi alishindwa kuyapasua, akapinda ukuta.

Ndani ya mgeni unaishi mfumo wa zamani wa mizani ya kiwanda,
unaomjua sangara kwa kilo na kwa gredi,
uliogoma kuhamia mashine yoyote mpya
kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka.
Kila alfajiri, kule Igogo, karani Lugata
huusogelea mpaka pua iguse kioo.
Skrini aliyonunuliwa ni pana kama meza ya minofu,
lakini mgeni kajikunyata katikati,
herufi kama mayai ya dagaa,
na pande zote giza.

"Nimepewa shamba," aliniambia kwenye simu,
"nikaruhusiwa tuta moja."

Ninashika kona ya dirisha. Ninavuta.
Dirisha linapanuka, mgeni hana habari.
Elfu moja ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane:
ndicho kipimo alichoambiwa siku alipowashwa,
na hakuna aliyemwambia kwamba ulimwengu umeongezeka.

Si ukaidi. Nimeusoma msimbo wake mstari kwa mstari:
hana sikio.
Mwenyeji anaujua upana mpya, anaunong'ona getini,
na getini hapakuwekwa kengele.

Basi kazi ya juzi ikawa kengele.
Kazi ya jana, kumfundisha kwamba akiisikia
aache alichoshika, aje aulize:
sasa upana gani, urefu gani?
Kisha atandike kumbukumbu mpya kabla ya kukunja ya zamani,
maana akianza kukunja, picha inakosa pa kulala.
(Ilikosa. Mara tisa.
Mistari ya kijani ilinitembelea hadi usingizini.)

Saa tano usiku nikavuta tena, akaitika.
Akaitika mno.
Kila mtikisiko wa kidole changu ukawa amri,
amri mia na ushee kwa pumzi moja,
mgeni akatandika, akakunja, akatandika, akakunja,
akaanguka kifudifudi, skrini nyeusi
kama ziwa umeme ukikatika Kirumba.

Nikatoka nje, nikaketi juu ya jiwe lenye joto la jana.
Nikamkumbuka mama mdogo Nyanzala wa Luchelele
na mashine yake ya kusaga,
mwaka ule maji yalipopanda.
Jirani yake alihamisha kinu kila wimbi lilipogusa kizingiti,
hatua nne, hatua sita, tena nne,
mwisho akachoka, akauza mabati.
Mama mdogo alifunga mlango, akaweka fito ufukweni,
akaitazama wiki tatu.
"Nangoja ziwa limalize kusema," alisema.
Akahama mara moja. Mpaka leo anasaga palepale.

Nikarudi ndani. Mistari minne tu:
mkono ukitembea, usijibu.
Ukitulia, hesabu robo ya sekunde,
ndipo uulize.

Mgeni siku mbili, wahenga walisema.
Leo ya tatu. Kashika jembe.

Asubuhi nipo Igogo, viatu vimelowa barafu ya samaki.
Lugata anaishika kona kwa vidole viwili
kama anayemfunua mtoto shuka.
Anavuta. Anaachia.
Kimya kidogo,
halafu giza linarudi nyuma pande zote,
herufi zinasimama wima, nene,
na kulia, ukingoni, inatokeza safu ya mwisho
ambayo sikuwahi kujua kama ipo:
majina.
Mbele ya kila kilo, mtu.

Lugata anavua miwani. Anasoma akishuka,
midomo ikienda bila sauti, hadi anasimama,
kidole juu ya kioo.

"Huyu Kwilasa," anasema,
"kilo mia mbili na kumi.
Mbona hatujawahi kumlipa?"