Saa Kumi, Kizuiani

Saa tano na robo gego lilitoka,
likalala kwenye kisahani cha bati
kama punje ya muhindi uliobunguliwa.
Nikamuuliza Daktari Eligiva kwa nusu ya mdomo:
ganzi hii itaondoka lini?

"Saa tatu, nne. Wengine hata tano.
Taya la chini halina haraka."

Nikamweleza kwamba mimi ni mshenga.
Leo saa kumi, Mbagala Kizuiani, kwa kina Sikudhani.
Mpwa wangu Pazi anautegemea ulimi huu,
hana kingine, hata shati la picha nilimwazima mimi.
Hakuna dawa ya kuizindua?

Akacheka bila kunicheka.
"Nasikia huko nje ipo sindano ya kuifukuza sindano.
Sisi hapa Ilala tuna saa ya ukutani.
Usinywe cha moto.
Usitafune shavu ukadhani ni nyama."

Kwenye bajaji niliuminya mdomo: wa mpangaji.
Nikaupiga vikofi, nikaufanyisha mazoezi
mbele ya dereva aliyejifanya haoni.
Pazi ikatoka Fazi.
Posa ikatoka fosa.
Mahari, wahari.
Nikanyamaza kuanzia Mtoni hadi Zakhem.

Mkekani, baba mkubwa wa binti, fundi saa,
jicho moja limezoea kuona vidogo.
Chai ya tangawizi ikaja, inafuka.
Sikuigusa.
Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Laki nane," akasema.
Nikawa nazuia mate yasinidondoke, basi.
"Saba."
Nikafuta kidevu kwa leso, polepole,
maana sikujua kidevu kinaishia wapi.
"Sita na nusu. Mkaja wa mama palepale.
Lakini mshenga wenu huyu, jamani, ni jiwe!"

Ndipo sisimizi wa kwanza akapita pembeni mwa mdomo.
Wa pili. Kisha kundi zima, na nyuma yao
maumivu, yamevaa viatu.
Nikanyanyua kikombe. Chai ilishapoa.
Nikaipitisha kulia, nikaijaribu kushoto:
tangawizi, sukari nyingi, chumvi ya damu.
Mdomo wangu. Umerudi, na kidonda juu yake,
niliutafuna mahali fulani pale Mtongani.

Nikataka kusema kweli:
mzee wangu, mimi sikuwa napatana bei.
Nikavuta pumzi. "P," ikaja safi kabisa.

Dada yangu, mama yake Pazi,
akanikanyaga kidole gumba cha mguu.

Huko hakukuwa na ganzi.