Nafasi Isizidi Mistari Mitano

Fomu imefika kwa bodaboda kutoka Muheza,
imekunjwa mara nne, inanuka petroli.
Historia ya kijiji. Nafasi isizidi mistari mitano.
Mimi ndimi mtendaji. Kalamu yangu, muhuri wangu,
na Kwamhilu ni nyumba mia na tisa
ukihesabu na ile ya marehemu Mwanakheri
ambayo paa limeshashuka kukaa sebuleni.

Asili ya jina.
Ukiuliza ukoo wa Shekidele, Mhilu alikuwa mwindaji,
aliangusha nyati hapa ilipo zahanati,
akachoka kumbeba, akajenga.
Ukiuliza kina Mwanamvua, upande wa kisimani,
watacheka mpaka washike ukuta:
Mwindaji gani? Mhilu alikuwa mwanamke!
Kisima alichimba yeye, mume alishika kamba.
Nimeandika: Mhilu alifika.
Lugha yetu ina staha, husema "alifika", basi,
haisemi kwa kanga au kwa kanzu.

Mwaka wa kuanzishwa.
Kabla ya reli. Baada ya nzige.
Nzige wepi?
Hapo kikao kilivunjika.

Majengo ya kale.
Lipo korona, lilisaga mkonge tangu enzi za Mdachi
hadi bei ya katani ilipoteleza
kama mtu aliyekanyaga ganda la embe.
Popo wamerithi. Gurudumu kubwa limesalia
kwa kuwa halipiti mlangoni;
wanunuzi wa vyuma chakavu walilipima kwa macho,
wakaondoka wameinamisha vichwa kama wafiwa.
Upo na msikiti usio na paa,
kiblani vishimo saba vilivyokaliwa na bakuli za Kichina.
Bakuli moja, nasikia, limefungiwa kwenye kabati la kioo, ng'ambo.
Jingine najua lilipo, kuku wananywea,
lakini siandiki. Fomu zina midomo.

Na kengele ya shule ni kipande cha reli ya tololi.
Zamani kilibeba mkonge,
siku hizi kinabeba saa mbili kasoro robo.

Kipande.
Neno hilo lilinisimamisha kalamu.
Nikaingia ndani, nikavuta kopo la kahawa chini ya kitanda cha mama,
nikakitoa kile kingine, cha karatasi:
viboksi thelathini, siku thelathini za kukata,
ishirini na saba zimetiwa alama,
tatu ziko wazi. Aliugua? Alizikwa mtu?
Labda alilala tu, akitazama dari ya makuti
kama binadamu.
Mahali pa jina mchwa wamekula.
Namba wameiacha.
Mchwa nao walijua kinachotakiwa ofisini.

Alitoka Ubena, nusu kwa lori, nusu kwa miguu,
akidhani Tanga ni mwendo wa msimu mmoja.
Bibi alimwita Mbena mpaka siku anamfunga sanda.
Sisi tulimwita Babu.
Msimamizi aliita namba.
Katikati ya hayo matatu jina lake lilipita
kama maji katikati ya vidole,
na kaburi lake liko mstari wa kumi na nne wa shamba,
wenzake kumi na mmoja wamelala kandokando,
hakuna jiwe, yamepandwa mabomba ya mkonge
ambayo huchanua mara moja, kisha hufa.

Nikarudi mezani. Taa imeishiwa mafuta, nikatumia tochi ya simu.
Mwanzilishi wa kijiji. Jina kamili, herufi kubwa.
Nikawaza nyati, nikawaza kamba ya kisima.
Mkono ukaandika wenyewe:
4417.
Nikagonga muhuri, nikaupuliza ukauke.

Juzi wilayani wamepiga simu.
Kijana, sauti laini, ya mtu aliye chini ya feni:
Mtendaji, hapa kwa mwanzilishi umeweka namba ya simu,
na mbona tarakimu zimepungua?
Nikamwambia ndiyo, mwanangu, zimepungua.
Akasubiri niendelee.
Nje, mtoto wa zamu alikuwa anagonga kipande.