Sarafu za Lifti

Kule Gldani, pembezoni mwa Tbilisi,
lifti yetu haipandi bure.
Ina kisanduku cha chuma chenye mdomo mwembamba;
ukikilisha sarafu kinaguna, kisha kinakubeba.
Usipokilisha, ngazi zipo:
mia moja themanini na nane mpaka mlangoni kwangu.
Nilizihesabu. Mimi ni mtu wa hesabu.

Tangu Manana azikwe
niliishi kama yai, mzima, bila dirisha.
Nikisikia hatua za jirani nyuma yangu
nilibonyeza kitufe cha kufunga
na kujiambia: yangu nimelipa.

Juu ya kile kisanduku, kila asubuhi,
palikuwa na sarafu mbili tatu zimesahauliwa.
Nilizichukua. Nikajiona mwenye bahati.
Chupa ya achari jikoni ikajaa hadi shingoni.

Januari, theluji ikiwa magotini,
nikamkuta mtoto kaketi ngazi ya tatu,
mguu mmoja ndani ya plasta, begi mgongoni.
Jina lake Saba, ingawa anakaa ghorofa ya tano.
“Unangoja nini?”
“Sarafu. Bi Tsiuri huniwekea.
Siku hizi anasahau. Uzee, nadhani.”

Bi Tsiuri hakuwa amesahau.

Nilitia sarafu. Saba akaingia,
akaegemea koti langu
kana kwamba koti langu ni ukuta uliojengwa kwa ajili yake.
Kutoka chini hadi ya tano ni sekunde ishirini na sita,
nyingi mno kwa mwizi.
Alinisimulia habari za kobe wake, mpaka tukafika.
Sikumbuki jina la kobe. Nakumbuka uzito wa bega.

Usiku ule nikabisha hodi ghorofa ya nane,
chupa kwapani, ikilia kama njuga.
Bi Tsiuri alifungua, unga hadi viwikoni.
“Nimekuja kurudisha,” nikasema,
na sauti yangu ikawa ya mtu nisiyemjua.
Akaitazama chupa. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi.
“Kumbe ni wewe.
Nilijua humu ndani kuna mwenye shida,
nikawa naongeza.”

Mwenye shida.
Nilifungua kinywa nikanushe,
na mle kinywani hamkuwa na neno.

“Vua viatu,” akasema,
“sakafu nimepiga deki sasa hivi.”

Bado nahesabu, sikatai.
Lifti yetu hubeba watu wanne, watano wakijibana.
Nikisikia hatua
natanguliza mguu mlangoni.