Somo

Bahasha ilifika Jumanne, pamoja na bili za gesi
na gazeti la wafuga nyuki.
Pembe zimechakaa, kama msafiri
aliyelala stesheni nyingi.
Juu yake neno moja, kwa wino wa bluu:
Mari.
Hakuna mtaa. Hakuna namba. Hakuna nchi.

Mimi hukaa dirisha la pili, posta ya Morki,
mwaka wa kumi na tisa huu, mhuri mkononi.
Nikasema, haya, tumeandikiwa sote.
Mari si ndio sisi?
Sisi wa asali na kanzu nyeupe za tarizi,
tunaoomba msituni, miti ndiyo kuta,
theluji ndiyo zulia.

Lakini nyuma ya bahasha mihuri ilibisha.
Kupro: huko kipo kijiji, jina lake Mari,
na mtu kaandika kwa penseli, Si hapa, jaribuni mbele.
Syria: huko Mari ni magofu kando ya Frati,
mji ulioandikiana barua za udongo
hata wapokeaji nao wakawa udongo.
Nani alipokea? Nani aligonga mhuri ule?
Papua: huko wapo wachache, mabwawani,
lugha yao inaitwa Mari,
hawajatusikia, wala sisi hatujawasikia,
na hakuna anayemdai mwenzake jina.

Somo zangu wote hao.
Tungekutana tungeamkiana kwa mikono tu.

Nikampelekea Yanalche, mwalimu wa Kifaransa,
maana chini ya mihuri yote, hafifu,
palikuwa na mwingine: Limoges.
Alicheka, kisha akaacha kucheka.
Kwao, alisema, mari ni mume.

Mume!
Na kwetu je? Marij: mwanamume. Marij: mume.
Lugha mbili zisizo na bibi mmoja,
zisizowahi kukopeshana hata chumvi,
neno likaota huku na likaota kule
kama uyoga, bila mbegu kuonekana.

Kwa hiyo ni mwanamke.
Alikaa mezani, akaandika alichoandika,
akafunga, akageuza bahasha aweke anwani,
na anwani hakuwa nayo.
Akaandika alichokijua.

Kanuni ya posta inasema: rudisha kwa mtumaji.
Mtumaji hakujitaja.
Kanuni inasema pia: usifungue.
Sikufungua. Niliinusa tu. Ilinuka posta.

Siku nne ilikaa kwenye droo yangu
juu ya kadi ya mwisho ya Ondri,
aliyekwenda Surgut kuchimba mafuta
msimu mmoja, alisema,
na misimu sasa ni sita.

Jumamosi, tukikaribia kufunga,
nilichukua kalamu, ya bluu vilevile,
na chini ya lile neno nikaongeza:
Surgut, bweni la nne, chumba cha kumi na moja.
Mume ni mume.
Na afungue, aone mwanamke anamlilia
kwa lugha asiyoijua hata salamu yake,
azunguke bweni zima akitafuta wa kumsomea,
na kila atakayemuuliza amuulize kwanza:
Hii ni ya nani? Ni yako?

Stempu nilinunua kwa pesa yangu.
Risiti ninayo.