Kukaza na Kulegeza

Nimesuka miaka kumi na tisa Kenyatta Market,
safu ya tatu, kibanda chenye kioo kilichopasuka pembeni,
na la kwanza ninalomfundisha binti anayekuja kujifunza
si matuta wala twisti,
ni mkono: uvute kiasi gani.

Ukikaza mno, mteja anaondoka akitabasamu kwa lazima,
nyusi juu kama ameona jini.
Usiku halalii sikio,
Alhamisi vipele, na baada ya mwaka
nywele za kipaji zimehama, hazirudi.
Ukilegeza, anakusifu leo,
kisha msuko unafumuka kabla ya harusi aliyousukia.

Sasa mimi ndiye nimekalishwa.
Kiti cha plastiki, dirishani,
na Daktari Jelimo ananisuka kwa mrija.

Dozi nne zimeingia.
Uvimbe ulikuwa limau, sasa ni haragwe, anasema,
nami nacheka, kwa kuwa huku hupima kila kitu
kwa vyakula nisivyoweza kumeza.
Maji yana ladha ya funguo.
Nywele zangu zilibaki kwenye taulo asubuhi moja, zote,
na sikulia. Nilizifagia kama za mteja yeyote.

Kilichoniliza ni ncha za vidole.

Jumamosi nilimkalisha Awinja, ninayemsuka tangu darasa la sita.
Nikatia kitana kugawa njia
na sikuikuta ngozi.
Ilikuwa kama kushika kichwa cha mtu
kupitia blanketi.
Nilivuta nisijue navuta.
Yeye alinyamaza, maskini, kwa heshima.
Kioo ndicho kilichonionyesha machozi yake.

Leo nimesema.
Daktari hakuniambia nivumilie.
Alinifumba macho, akanigusa kwa pamba kidole kimoja kimoja.
Hapa? Hapana.
Hapa? Mbali.
Akasema tunaweza kupunguza, robo hivi.
Akasema pia, bila kuficha, kwamba hajui
hiyo robo ilikuwa inaua nini:
pengine vidole vyangu tu,
pengine punje moja iliyojibanza
isiyoonekana kwenye picha yoyote.

Mumbe, mwanangu, anataka nimalize kamili.
"Mama, vidole ni vidole."
Karo yake yote, hadi chuo, ilipita katikati ya vidole hivi,
lakini hilo sikumwambia; ana hofu, na hofu haina hesabu.
Dada yangu kutoka Kitui, kwa simu: dawa chungu ndiyo dawa.
Kweli. Ila hata uchungu
una kijiko chake.

Kinyozi hajinyoi, nimesikia tangu utotoni.
Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja
nitaulizwa, nikiwa chini ya mkono wa mwingine,
swali lile ninalowauliza wote:
*Nimekaza sana?*
Na wote, miaka kumi na tisa, hujibu: *la, sawa tu,*
wakiuma meno.

Sikuuma meno.
Nikamwambia, legeza kidogo. Kidogo tu, daktari.
Mumbe anaolewa Desemba;
usiniache nifumuke njiani.

Sista Nasambu akaleta fomu.
Nikatia sahihi nikiitazama kalamu muda wote,
maana bila kuitazama
nisingejua kama bado nimeishika.